Tazameni Miaka, Msitazame Picha

Wajukuu zangu mlio sekondari, na nyinyi mliokwisha kumaliza kidato cha nne mkawa nyumbani mnasubiri,

Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025, wengi wetu hapa Singida tulikuwa usingizini wakati Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alipoingia uwanja wa Tokyo akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Zilikuwa zimebaki mita chache tu katika kilomita 42.195 za marathoni ya ubingwa wa dunia. Walifika mstarini bega kwa bega, wote wawili wakaandikiwa muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha ya mashine iamue. Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03. Mwenyewe hakuwa na hakika kama ameshinda mpaka alipoliona jina lake juu kabisa kwenye skrini ya uwanja. Ndivyo Tanzania ilivyopata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha, naye ni mtoto wa mkoa wetu.

Tangu hapo nasikia wavulana wa Puma na Ihanja wakisema wanataka kuwa Simbu. Wasichana pia. Nafurahi, kwani kwa muda mrefu majina yaliyokuwa midomoni mwenu yalikuwa ya watu wa mbali ambao hamjui hata walikosoma. Lakini nimefundisha katika mkoa huu mpaka nikastaafu, na namjua mtoto anaposema "nataka kuwa fulani". Mara nyingi huwa anataka gari la fulani, nyumba ya fulani na makofi anayopigiwa fulani. Mkimtaka mtu, wajukuu zangu, mtakeni mzima. Mtakeni na miaka yake.

Ya Simbu ni hii. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, alikuwa wa tano, na wa tano hapewi medali. Mwaka 2017 alishinda Mumbai, kisha akachukua shaba ya dunia London, nchi ikamshangilia. Halafu vigelegele vikapoa. Olimpiki iliyofuata, marathoni ikikimbiwa Sapporo mwaka 2021, alikuwa wa saba. Mwaka 2022 alipata fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham. Paris mwaka 2024 akawa wa kumi na saba. Wa kumi na saba! Nani kati yenu aliyebandika picha yake ukutani mwezi ule? Aprili 2025 akashika nafasi ya pili Boston, na Septemba ndiyo ikaja ile dhahabu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa shaba ya London alikuwa kidato cha pili dhahabu ilipopatikana. Muda wote huo yule mtu alikuwa anaamka na kukimbia, na siku nyingi kati ya hizo hapakuwa na kamera wala mtu wa kumpigia makofi.

Na kuna jambo jingine ambalo kwenye video fupi za simu halionekani: Simbu ni askari wa JWTZ. Ana kazi. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, naye alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, aliyekuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo kuanzia 1988 na akashinda New York mwaka 1989, alikuwa afisa wa jeshi. Tazameni hapo vizuri. Wakimbiaji wetu wakubwa walikuwa na mwajiri, na siku walizoshindwa au kuumia mshahara uliwangoja. Ndoto zao zilikuwa na sakafu. Bayi alipoacha mbio alijenga shule, Kimara na Kibaha, na leo wapo watu wazima waliosoma kwake ambao hawakuwahi kumwona akikimbia. Kwa hiyo anayetaka kuwa Simbu namuuliza swali la kwanza ambalo mama yake anaogopa kumuuliza: siku ambazo hutashinda, utakula nini?

Najua wengi wenu hamtaki kukimbia. Mnataka kuimba, kuigiza, kuchekesha watu kwenye simu. Sitawaambia muziki ni uhuni. Wazee wenzangu wanaosema hivyo walicheza dansi ujanani mpaka alfajiri, na bendi walizozipenda wanaziota hadi leo. Nitawasimulia habari ya mmoja wa waliowachezesha.

Muhidin Gurumo alianza muziki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliimba NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na sasa ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioijenga bendi ya Mlimani Park. Redio ikiwa moja nchi nzima, sauti yake ilifika Kiomboi, ikafika Manyoni, ikafika mpaka vijiji ambavyo hata lori halikuvifikia masika. Umaarufu mnaoutafuta nyinyi kwa bando la kila siku, yeye alikuwa nao bila simu. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya miaka zaidi ya 50 ya kuimba, hakuwa na gari. Aliyempa gari ni Diamond Platnumz, kijana wa Tandale ambaye hakuwa hata amezaliwa Gurumo alipokuwa tayari amewika. Aprili mwaka uliofuata mzee yule akafariki.

Sauti haikumwishia Gurumo, wala hakuwa mvivu. Nyimbo za kizazi chake zilirekodiwa Redio Tanzania na zikapigwa miaka nenda miaka rudi, huku waliozitunga wakipata kidogo mno au wasipate kitu. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo, ile iliyoleta COSOTA, ni ya mwaka 1999, na wakati huo Gurumo alikuwa ameimba karibu miaka 40. Habari yake inaniuma kila nikiikumbuka. Naitaja kwa sababu mnadhani kujulikana na kulipwa ni kitu kimoja. Nchi nzima inaweza kuimba wimbo wako na wewe ukakosa nauli ya kurudi kwako.

Basi mwenye kipaji asije kuniambia tu kwamba anajua kuimba. Aje aniambie kama anajua mirabaha ni nini, kama wimbo wake umesajiliwa, nani anamiliki rekodi, na mkataba alioonyeshwa unamfunga miaka mingapi. Harmonize, kijana wa Mtwara, alipoondoka lebo ya muziki ya WCB Wasafi mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba mkataba ulimtaka alipe shilingi milioni 500, na kwamba ilimbidi auze mali ili azipate. Simhukumu yeye wala waliomlea. Aliyeweka fedha zake ana haki ya kuzidai, na makubaliano ni makubaliano. Lakini yeye alikuwa na nyumba za kuuza. Wewe wa Mtinko unayetia saini karatasi ya kurasa kumi bila kuisoma kwa sababu imeletwa na mtu aliyevaa cheni, utauza nini? Mbuzi wa baba yako?

Tena angalieni nyuma ya msanii. Huyo Diamond mnayemwona akitua na walinzi ana redio, ana televisheni, ana ofisi. Wimbo mmoja unaoupenda umepita mikononi mwa produsa, mpiga picha, mhariri wa video, fundi wa taa, mshona nguo, mwanasheria wa mikataba na mhasibu. Hao wote wanakula kwa muziki na hawajulikani. Wanapita Kariakoo kwa miguu bila kusumbuliwa na mtu. Wimbo ukifa sokoni wao wanashika kazi nyingine wiki inayofuata. Mtoto anayependa muziki lakini anatetemeka jukwaani ana nafasi humo, na hakuna aliyewahi kumwambia. Uhasibu unafundishwa hapa hapa Singida, kwenye tawi la TIA. Sanaa inafundishwa Bagamoyo, TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981. Wa michezo wanakwenda Malya, kule Kwimba. Na mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi 49 juu ya zile 16 tulizozizoea, zikiwamo za muziki, sanaa na michezo. Si kila shule inazo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kujaza fomu, msijaze kwa kumfuata rafiki. Anayesema sanaa ndiyo maisha yake lakini hataki hata kuulizia chuo cha sanaa, huyo anapenda picha ya msanii, na heri ajue mapema.

Sasa nije kwenye linalonikera zaidi. Nasikia vijana wakisema, tena bila haya, kwamba wanataka kuwa chawa. Yaani kijana mwenye mikono miwili na akili timamu anaona kazi ya maisha yake ni kumsifu mtu mwingine apewe hela ya kula, kumtukania wapinzani wake, kumzushia kiki akitaka kutajwa, na kuzima simu bwana wake akichuja. Wajukuu zangu, hilo hapana. Msanii ameimba, mkimbiaji amekimbia; chawa amefanya nini ambacho mtoto wake atakisimulia? Wanyaturu na Wanyiramba waliokuzaeni walilima mtama na uwele kwenye nchi kavu hii, mvua ikikataa wakalima tena, wala hawakumlamba mtu miguu ili wale. Njaa ilikuwapo. Heshima pia ilikuwapo. Ukiona mtu anakwambia uchawa ni ajira, muulize ataonyesha nini siku aliyemsifu atakapokataa kupokea simu yake.

Alizeti mnaijua. Iko inayotoa ua kubwa la kupendeza pembeni mwa barabara, wapita njia wakasimamisha gari wapige picha, na siku ya kupukuchua mkulima anakuta mapepe matupu. Umaarufu wa kiki ni huo.

Mabinti zangu, nyinyi nina neno lenu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wasichana wa Singida na Dodoma wamekuwa wakichukuliwa kwenda kazi za ndani Dar es Salaam tangu zamani sana. Dalali alikuwa anafika nyumbani, anakaa kwenye kigoda, anaongea na wazazi, anaahidi mshahara. Baadhi walitendewa vema. Wengine walirudi na mimba au na makovu, na wengine hatukuwaona tena. Siku hizi dalali haji nyumbani. Anaingia kwenye simu yako usiku, ana picha na watu maarufu, anakwambia una sura ya kuonekana kwenye video za muziki, una urefu wa mwanamitindo, kuna hoteli Uarabuni inatafuta wasichana kama wewe. Anaomba picha ya uso. Kisha ya mwili mzima. Kisha ile ambayo ukishaituma amekushika, na kuanzia hapo hakuombi tena, anakuamuru. Nauli anatuma yeye. Anakutaka usimwambie mama mpaka ufike, "iwe sapraizi". Kitambulisho atakutunzia yeye.

Kazi ya halali haina sababu ya kufichwa kwa mama yako. Ajira za nje ya nchi zina utaratibu, na wakala anayeziangalia ni TaESA; mwajiri anayekwepa huko ana analolificha. Usafirishaji haramu wa binadamu una sheria yake tangu 2008, na aliyekupakia basini kwa uongo anaingia humo hata kama ni shangazi. Kama tayari umetuma picha na unatishwa, usilipe na usijidhuru. Nenda dawati la jinsia na watoto lililo karibu nawe, au piga 116, simu ya kusaidia watoto ambayo hailipishwi. Hutakuwa wa kwanza kupiga. Na mzazi atakayesoma hapa, siku binti yako akija kukueleza, funga mdomo kwanza usikilize. Ukali wako wa siku hiyo ndio mtaji wa yule anayemtisha.

Nimewagusa wazazi, niwamalizie. Tunawalaumu watoto kwa kupenda watu maarufu, na sisi ndio tuliowafundisha. Mkutano wa kampeni haujai mpaka aletwe msanii wa Bongo Fleva. Timu ya Singida Black Stars ilipotwaa Kombe la Kagame mwezi uleule wa dhahabu ya Simbu, tulijua kwa majina nyota waliotoka Zambia na kwingine, lakini wangapi tumewahi kwenda kutazama mechi ya shule ya kata yetu? Mtoto anayetengeneza redio mbovu tunamwambia anachezea uchafu, na yule aliyepata wafuasi elfu mbili mtandaoni tunamwonyesha kwa wageni. Mtoto anaangalia macho ya mzazi yanang'aa wapi, naye anakwenda huko.

Nawaelewa pia kwa nini mnakimbilia simu. Mmewaona baba zenu wakilima alizeti, na mmeona bei ilivyoanguka msimu wa 2023 mafuta ya kula yalipoingia kwa wingi kutoka nje. Magunia yalilala ndani. Mtoto aliyepalilia shamba lile asubuhi kabla ya kwenda shule, akaona baba yake anauza kwa hasara, na jioni akamwona mtu wa rika lake kwenye simu akihesabu noti kitandani, sina haki ya kumwambia ni mjinga. Mimi mwenyewe nisingejua la kumjibu jioni ile. Kwa hiyo sisemi rudini mkashike jembe kama babu zenu. Kilimo cha kubahatisha kinachosha kama umaarufu wa kubahatisha. Nasema tu kwamba yule kwenye simu hakukuonyesha risiti, na wako wanaokodi gari na hizo noti zenyewe kwa ajili ya picha.

Hapa kwetu kuna kazi zinazowatafuta watu, nazo hazipigwi picha. Mgodi wa dhahabu wa Shanta kule Mang'onyi, Ikungi, ulianza kuzalisha mwaka 2023. Kwenye mgodi kama ule anahitajika fundi umeme, fundi wa mitambo, mchomeleaji, mtu wa maabara, mpishi anayejua usafi. Wajerumani walichimba Sekenke zaidi ya miaka 100 iliyopita, na babu zetu waliingia humo kubeba mawe kwa sababu hakuna aliyewafundisha kitu kingine. Nyinyi mna VETA hapa Singida, na sasa baadhi ya sekondari zina mkondo wa amali. Mkibeba mawe tena safari hii, itakuwa ni kwa kupenda. Mashine za kukamua alizeti zinaharibika kila msimu na fundi anasubiriwa siku nzima. Kuku wetu wanaliwa Dar es Salaam kwa jina la Singida, na faida kubwa anaipata mwenye gari. Asali ya Manyoni na Itigi inasifiwa nchi nzima huku sehemu kubwa ikiuzwa kwenye chupa za maji bila hata karatasi ya jina. Msichana aliyesoma biashara na anayejua kupiga picha nzuri kwa simu, si huyo ndiye anayehitajika hapo? Kipaji kilekile mnachokitumia kujionyesha nyinyi, akitumie kuonyesha bidhaa.

Mwezi huu, kabla ya kujaza fomu ya machaguo, mtafute mtu mmoja anayefanya kazi unayoitaka. Kama ni muziki, mtafute mwanamuziki wa hapa mjini anayepiga kwenye harusi, usimtafute wa kwenye skrini. Kama ni uuguzi, nenda Makiungu au hospitali yoyote iliyo jirani. Msimwulize anapata kiasi gani, atawadanganya kwa kupunguza au kwa kuongeza. Mwulizeni jana aliamka saa ngapi, akafanya nini mpaka jioni, na kitu gani katika kazi hiyo kinamchosha. Akimaliza kueleza, jiulize kama kile kinachomchosha yeye utakivumilia siku 300 za mwaka. Ukiona unaweza, iandike kazi hiyo kwa wino, na mzazi wako akikataa mlete nizungumze naye.

Na kama kuna aliyekwisha kupewa karatasi ya kutia saini, iwe ya studio, ya timu, ya wakala wa kazi au ya huyo mtu wa mitindo, asisubiri Jumatatu. Aje nayo leo na mama yake, tuisome wote ukurasa kwa ukurasa, na tusilolielewa twende kumuuliza mwanasheria kabla kalamu haijagusa karatasi.